Kusikiliza Riwaya za Dhiki na Msiba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasikilizaji wa Mombasa

Ni riwaya za aina gani zinazozungumziwa hapa?

Ni zile riwaya ambazo kiini chake ni mtu kupoteza: kufiwa, kunyang'anywa ardhi, kufungwa, kudidimia katika ufukara, kuhama kwa lazima, au kuishi na siri iliyoivunja nyumba. Haziandikwi ili tujue nani alimuua nani. Zinaandikwa ili tukae na watu waliopatwa na jambo, tuone wanavyoamka siku ya pili na kuendelea kuteka maji. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 kwa kazi ambazo nyingi zinawahusu watu wa namna hiyo, waliong'olewa na ukoloni na uhamaji. Majibu ya hapa chini hayahusu sana hadithi za upelelezi au za mapenzi, ambazo mtu anaweza kuzisikiliza huku akikaanga viazi karai bila ya kupoteza kitu.

Je, kusikiliza kitabu ni kusoma kweli, au ni uvivu?

Swali hili huulizwa zaidi na walimu na wazazi, na kwa mtu wa Pwani lina ajabu yake, kwa sababu fasihi yetu iliyo nzito kuliko zote ilikuja kwa masikio kabla ya kuja kwa macho. Tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini ziliandikwa ili zighaniwe mbele ya watu, na wengi waliozihifadhi hawakuwahi kushika karatasi yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoyatazama magofu ya Pate na kutunga Al-Inkishafi, takriban miaka 200 iliyopita, aliyaonyesha majumba ya matajiri yaliyogeuka makao ya popo, na ubeti baada ya ubeti ulitegemea sauti ya mghani ili uingie moyoni. Huo ulikuwa utungo wa kuhusu kupoteza, na waliousikia hawakuambiwa kwamba ni wavivu.

Kitabu cha sauti kwa maana ya leo nacho kina asili isiyo ya starehe. Uingereza ilianza kuwapelekea wasioona vitabu vilivyorekodiwa katika santuri mwaka 1935, na miongoni mwa waliokusudiwa tangu mwanzo ni askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Marekani ilikuwa imeanza mpango wake muda mfupi kabla ya hapo. Watu hao walisoma kwa masikio kwa sababu vita vilikuwa vimewaachia njia hiyo, wala hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba hawajasoma.

Lakini tofauti ipo, nayo isifichwe. Anayesoma kwa macho hurudi nyuma bila ya kujitambua, husimama, huruka, hutazama mwisho wa ukurasa. Anayesikiliza huongozwa na mwingine. Ikiwa unasoma ili ufanye mtihani wa fasihi na utanukuu maneno ya mhusika, shika kitabu chenyewe na uifanye sauti kuwa msaidizi. Ikiwa unataka kuishi ndani ya riwaya, sauti inatosha, na mara nyingine inazidi.

Kwa nini huzuni huniingia zaidi ninaposikiliza kuliko ninaposoma?

Kwa sababu huwezi kulikwepa jambo. Jicho lina hila nyingi: likiona kwamba aya inayofuata ina mtoto anayezidiwa na homa, hupita juu juu, hukamata neno moja au mawili, hutua pale mambo yanapotulia. Sikio halina hila hiyo. Msomaji wa kitabu cha sauti atayataja yote, kwa mpangilio uleule wa mwandishi, na kwa mwendo ambao hukuuchagua. Pili, sauti ni ya mtu. Hata ukijua kwamba amelipwa kusoma studioni, akili huipokea kama sauti ya mtu aliye chumbani, na habari ya kifo inayotoka kinywani mwa mtu si sawa na ile inayokaa kimya karatasini. Ukitia spika za masikioni, mtu huyo amekuja karibu kuliko watu wengi unaowaruhusu wakukaribie kwa siku nzima.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa msikilizaji mpya ni kujirudishia mamlaka. Programu karibu zote zina kitufe cha kurudi nyuma sekunde kadhaa, cha kusimamisha, na cha kuzima baada ya muda uliopanga. Amua kabla ya kuanza kwamba utasikiliza sura moja, kisha uzime sura inapokwisha, hata kama mambo yamepamba moto. Sura ni kituo alichokijenga mwandishi mwenyewe. Anayezima katikati kwa sababu ya usingizi au kwa sababu matatu imefika hubaki na jeraha lililo wazi, na akirudi kesho yake hukuta huzuni imepoa lakini hadithi haieleweki.

Nitamjuaje msomaji mzuri wa riwaya za huzuni?

Hapa ndipo penye uzito wote, na kama una nafasi ya kujiuliza swali moja tu kabla ya kununua, jiulize hili badala ya kuuliza kitabu kinahusu nini. Riwaya nzuri iliyosomwa vibaya haivumiliki, na isiyo ya ajabu iliyosomwa na mtu mwenye adabu ya sauti inaweza kukukalisha barazani mpaka chai ipoe.

Chukua mfano wa sentensi ya kawaida kabisa, iliyotungwa kwa ajili ya ukurasa huu: mama aliyefiwa na mwanawe anarudi kutoka makaburini, na mwandishi anasema, "Aliukunja mkeka, akauegemeza ukutani, akaenda kumfungulia mlango muuza maziwa." Msikilizaji anajua kwamba mkeka ni wa yule mtoto. Msomaji dhaifu hushusha sauti penye neno "mkeka", huitetemesha kidogo, husimama, kana kwamba anatushika bega na kutuambia kwamba sasa tulie. Kisha huimalizia sentensi kwa haraka, kwa sababu kwake muuza maziwa si kitu. Msomaji mzuri huyapa matendo yote matatu uzito mmoja. Mkeka, ukuta, mlango. Akipumzika, hupumzika baada ya muuza maziwa, pale ambapo hakuna linalosemwa tena, na katika pumziko hilo ndipo msikilizaji hutambua mwenyewe kwamba maisha yamemgongea mama yule mlango kabla hajamaliza hata saa moja ya msiba wake. Anayelia kwa niaba yako amekunyima kilio chako.

Kwa hiyo sikiliza dakika za mwanzo zinazotolewa bure, lakini usitosheke na ukurasa wa kwanza, maana kila msomaji huuandaa vizuri. Ukiweza, tafuta mahali penye mazungumzo. Je, wanawake wote wanasemeshwa kwa sauti nyembamba ya kuchekesha? Je, mzee wa Lamu anazungumza kama mtu wa Lamu, au ametiwa lafudhi ya kuigiza ambayo hata mtoto wa Kibokoni angeicheka? Msomaji asiyeijua lahaja ni bora asome kwa sauti yake ya kawaida kuliko kuiga. Sikiliza pia pumzi zake: msomaji anayemeza mate katikati ya sentensi na mhandisi asiyesafisha rekodi watakukera kwa saa kumi mfululizo. Mwisho, kuwa na shaka na muziki wa nyuma. Kinanda kinachoingia polepole kila mtu anapofariki ni dalili kwamba watengenezaji hawakuyaamini maneno.

Je, sauti ya kompyuta inatosha?

Kwa gazeti au kitabu cha maelezo, ndiyo. Kwa riwaya ya msiba, bado. Sauti hizo zimeendelea sana, lakini bado huusoma utani, kejeli na kiapo kwa mizani moja, na katika riwaya za aina hii mhusika mara nyingi husema "sina neno" akiwa na maneno mengi. Kwa asiyeona ambaye kitabu anachokitaka hakijasomwa na binadamu, jibu ni tofauti: atumie kilichopo, na lawama iwaendee wachapishaji.

Niongeze kasi?

Usiongeze. Ukiona mwendo unakuchosha, huenda msomaji ndiye anayekuchosha. Msomaji mzuri amezipima kimya zake kama alivyoyapima maneno, na programu inapoongeza kasi huzifupisha kimya hizo pia.

Nimefiwa karibuni. Je, ni vyema nisikilize riwaya ya msiba?

Hakuna jibu moja, lakini yapo mambo yanayojulikana kwa uzoefu. Siku za matanga si wakati wake. Nyumba imejaa watu, mikeka imetandikwa mpaka uani, kila anayeingia anatoa mkono wa pole, na mfiwa ana sauti za kumtosha. Wakati mgumu huanza baadaye, baada ya khitma, watu wanapokuwa wamerudi makwao na vyombo vya kuazima vimerudishwa. Hapo ndipo wengine huona kwamba kusikia kuhusu mfiwa mwingine, hata wa kubuni, kunawapa maneno ambayo jamaa waliwanyima kwa kuwaambia washukuru na wasahau. Wengine huona kinyume chake: sauti huwarudisha chumba cha hospitali na hawalali.

Ukitaka kujaribu, chagua riwaya ambayo msiba wake haufanani sana na wako. Aliyefiwa na mume anaweza kusikiliza habari ya mtu aliyepoteza nchi yake, na huzuni zikakutana bila ya kugongana. Sikiliza mchana. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani unachokisikiliza, ili akikuona kimya ajue chanzo. Na kama zimepita wiki nyingi huli vizuri, hulali, na huoni maana ya kuamka, hilo si la kitabu. Nenda hospitali ukaonane na mshauri nasaha au daktari.

Mama yangu yuko edani. Je, itakuwa ni kumkosea heshima nikimwekea riwaya?

Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na kila familia ina taratibu zake kuhusu linalofaa na lisilofaa katika muda huo, kwa hiyo la kisheria muulizwe shehe wenu na si ukurasa huu. La adabu ni rahisi zaidi: usimwekee, muulize. Wapo kina mama wanaopenda kusikilizishwa utenzi au hadithi ya utulivu alasiri baada ya Kurani, na wapo wanaotaka kimya. Akikubali, mwache ashike simu yeye, ili kitufe cha kuzima kiwe mkononi mwake.

Ni wapi na wakati gani panafaa kusikiliza katika mji wenye kelele kama huu?

Matatu nyingi za Mombasa zina muziki wake, na anayeongeza sauti ya simu ili kuushinda huumiza masikio yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ndani ya matatu iliyofungua spika ni rahisi kupita kiwango hicho bila ya kujua. Riwaya nzito haisikiki kwa kushindana. Iache mpaka ushuke.

Kivuko cha Likoni kina tabu nyingine. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, lakini foleni ni ndefu, na wengi huona ni nafasi nzuri ya kusikiliza. Tumia sikio moja. Unahitaji kusikia tangazo, mkokoteni unaokuja nyuma yako, na mkono unaoitafuta simu mfukoni. Mahali pazuri zaidi ni bustani ya Mama Ngina asubuhi kabla ya jua kukaza, ukitembea kwa miguu, kwa sababu mwendo wa miguu na mwendo wa sauti hukubaliana. Treni ya Nairobi kutoka Miritini, yenye safari ya takriban saa tano, huweza kumaliza nusu ya riwaya ya wastani, ingawa inabidi uvumilie simu za majirani zinazopigwa kwa sauti ya juu.

Adhana ikilia, zima. Msikilizaji asiye Mwislamu naye hufanya vyema kuzima, maana katika Mji wa Kale, misikiti ikiwa karibu karibu, hatasikia sentensi kamili mpaka imalizike.

Riwaya za Kiswahili zilizorekodiwa zinapatikana wapi?

Lazima tukiri kwamba ni chache, na hili ni la kusikitisha katika lugha yenye riwaya nyingi nzuri za dhiki, hasa zile za waandishi wa Zanzibar za miaka ya 1970 na 1980. Riwaya ya Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa kwa jina la Peponi mwaka 2022, karibu miaka 30 baadaye. Kama karatasi ilichelewa hivyo kwa mshindi wa Nobel, si ajabu kwamba sauti inachelewa kwa wengine.

Kwa wanaosikiliza Kiingereza, LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, hutoa bure vitabu vya zamani vilivyosomwa na watu wa kujitolea, na humo mna riwaya nzito za karne ya 19 za Uingereza, Ufaransa na Urusi. Ubora hutofautiana sana, na mara nyingine kila sura ina msomaji wake, jambo linaloharibu riwaya ya msiba kuliko aina nyingine yoyote, kwa kuwa unamzoea mtu kisha anaondoka. Tafuta zile zilizosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho.

Wasioona wana haki ya ziada. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu vitengenezwe katika maumbo wanayoweza kuyatumia, sauti ikiwemo, na vivuke mipaka ya nchi bila ya kuomba ruhusa upya kwa kila kitabu. Wazazi wenye watoto wasioona waulize shuleni kwa kuutaja mkataba huo kwa jina.

Njia ya mwisho ni kongwe kuliko zote: azima riwaya maktaba, tafuta mtu mwenye sauti nzuri, mkae.

Bando litanigharimu kiasi gani?

Rekodi ya sauti ya wastani, ya kilobiti 64 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 29 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa kumi ni kama megabaiti 290. Programu nyingi zina ubora wa chini unaokata kiasi hicho kwa nusu, na kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma bila ya muziki hutaona tofauti kubwa. Pakua mara moja penye Wi-Fi. Usisikilize moja kwa moja kutoka mtandaoni, kwani kila unaporudi nyuma kuna uwezekano wa kulipia sekunde zilezile mara mbili.

Nimetumiwa riwaya nzima kwenye kundi la WhatsApp. Kuna ubaya?

Ndiyo. Kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi ina haki yake mbali na kitabu. Anayelalamika kwamba hakuna riwaya za Kiswahili za sauti huku akisambaza ile moja iliyopo anajijibu mwenyewe.

Wahusika ni wengi na ninawachanganya. Nifanyeje?

Andika majina katika kikaratasi, kila jina na uhusiano wake: nani mjomba wa nani, nani alizaa na nani. Riwaya za misiba ya ukoo mzima huruka miaka bila ya kuaga, na usipojua kwamba Bi fulani wa sura ya tatu ndiye yule msichana wa sura ya kwanza, kifo chake kitakupita kama habari ya mtu wa mbali. Kama huwezi kuandika kwa sababu unatembea, simamisha na uyaseme majina kwa sauti.

Tunataka kusikiliza pamoja nyumbani au barazani. Tuanzie wapi?

Anzeni na kitabu kifupi, spika moja ndogo, na nusu saa isiyozidi. Kinachofuata baada ya kuzima ndicho kitakachowakusanya tena, kwa hiyo acheni muda wa kuzungumza, na msimlazimishe asiyetaka kusema.

Kabla ya kuchagua, ulizeni waliopo. Zaidi ya watu 270 walikufa feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994, na katika baraza lolote la Mombasa huenda yumo mtu wa familia mojawapo, amekaa kimya na kahawa yake. Riwaya yenye watu wanaozama inaweza kumfaa au kumtonesha, na wa kuamua ni yeye. Watoto wa chini ya miaka kumi na mbili hivi waondoke mapema, si kwa sababu hawaelewi, bali kwa sababu wanaelewa kisha hawaulizi. Wakubwa kidogo waachiwe wakae, ila mmoja wa wazee asikilize kitabu chote kwanza peke yake, ajue ni sura zipi zitakazohitaji kusimamishwa katikati.